Kuielewa Hispania Kabla ya Kukata Tiketi

Kila mara timu ya taifa ya Hispania inapojipanga mstari kabla ya mechi kubwa, jambo lile lile hujirudia: wapinzani wao huimba wimbo wa taifa kwa nguvu, wengine hadi machozi yakawalengalenga, ilhali Wahispania husimama midomo imefumba mpaka muziki unapokwisha. Katika vibanda vya kuonyeshea mpira hoja huzuka papo hapo. Mmoja atasema vijana wale hawaipendi nchi yao. Mwingine atashikilia kwamba ni wachezaji wa Barcelona waliosusa. Jibu ni jepesi kuliko hayo yote: wimbo wa taifa wa Hispania hauna maneno. Ni muziki wa gwaride la kijeshi wa karne ya 18, na hauna mashairi yaliyokubaliwa kisheria. Mashairi yaliyokuwa yakiimbwa enzi ya Jenerali Francisco Franco yalizikwa pamoja na utawala wake, na mwaka 2008 Kamati ya Olimpiki ya Hispania ilipochagua mashairi mapya kwa njia ya shindano, ililazimika kuyaondoa baada ya siku chache kwa jinsi yalivyolalamikiwa.

Nchi ile haina uhaba wa washairi. Ugumu ni kwamba mtunzi akishika kalamu hukutana na maswali mawili yasiyojibika kirahisi: aandike kwa lugha ipi, na asifu historia ya nani? Maswali hayo mawili ndiyo yanayomchanganya pia mgeni anayepanga kwenda huko, kwa sababu picha aliyoibeba kichwani, yaani ng'ombe dume uwanjani, mchezaji wa flamenco mwenye gauni jekundu na sahani ya wali wa njano, imekusanywa kutoka pembe tofauti za nchi ambazo kwa muda mrefu hazikuwa nchi moja.

Tuanze na majina. Warumi waliiita rasi nzima ya kusini-magharibi mwa Ulaya Hispania, na wenyeji wa leo husema España. Kiswahili, kwa bahati, kimelihifadhi jina la Kirumi karibu kama lilivyokuwa miaka 2,000 iliyopita, ingawa wengine, hasa Kenya, hutanguliza herufi moja wakasema Uhispania. Rasi hiyo huitwa Iberia, na ndani yake zimo Hispania, Ureno, nchi ndogo ya Andorra iliyo milimani, na Gibraltar, ambayo iko chini ya Uingereza tangu mapatano ya mwaka 1713. Kwa ukubwa, Hispania ina takriban kilomita za mraba 506,000, yaani ni ndogo kidogo kuliko Kenya na inazidi nusu ya Tanzania, na ina watu wapatao milioni 49.

Wengi wetu huwachanganya Wahispania na Wareno, na kosa hilo lina udhuru wake. Waliofika pwani yetu na Vasco da Gama walikuwa Wareno, na ndio walioijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Hata hivyo, ngome hiyo ilipoanza kujengwa mwaka 1593, aliyevaa taji la Ureno alikuwa Felipe wa Pili, mfalme wa Hispania, kwani kuanzia 1580 hadi 1640 falme hizo mbili zilikuwa na mfalme mmoja. Baadaye Ureno ilijitoa, na ikabaki nje mpaka leo. Katalonia nayo ilijaribu kujitoa mwaka huo huo wa 1640, ikashindwa. Kwa hiyo mpaka anaouvuka msafiri kati ya Madrid na Lisbon umechorwa na vita na bahati kuliko tofauti za kimaumbile, na Mkatalani anayekwambia kwamba nchi yake ingeweza kuwa kama Ureno anakumbusha jambo lililokaribia kutokea.

Neno la pili la kulifafanua ni Kihispania. Lugha tunayoiita hivyo huitwa pia Kikastilia, kwa kuwa ilikuwa lugha ya Kastilia, ufalme wa katikati ya rasi. Kikastilia ni lugha rasmi nchi nzima, lakini Kikatalani, Kigalisia na Kibaski nazo ni rasmi katika maeneo yake. Watu wa Valencia huiita lugha yao Kivalencia, na ukitaka kuonja ubishi wa Kihispania, waulize kama hicho ni Kikatalani. Mgeni hudhani hizi ni lahaja tu, kama Kimvita na Kiunguja zilivyo lahaja za Kiswahili. Sivyo. Kikatalani na Kikastilia ni ndugu waliozaliwa na Kilatini, kila mmoja akakulia kwake, kama Kikuyu na Kikamba zilivyo lugha mbili zinazofanana bila mmoja kuwa tawi la mwenzake. Kibaski kiko mbali zaidi: hakina ndugu anayejulikana popote duniani, kama Kihadza cha kando ya Ziwa Eyasi, na kilikuwapo pale kabla Warumi hawajafika.

Sasa tuje kwenye sehemu ya historia inayopotoshwa kuliko zote. Husemwa mara nyingi kwamba Waarabu waliitawala Hispania kwa miaka 800, kisha wakafukuzwa. Sentensi hiyo ina ukweli ndani yake, ila umekunjwa vibaya. Mwaka 711 jeshi lililoongozwa na Tariq ibn Ziyad, ambalo askari wake wengi walikuwa Waberiberi wa Afrika Kaskazini, lilivuka mlangobahari na kuuangusha ufalme wa Wavisigothi, watu wa jamii ya Kijerumani walioitawala rasi baada ya Warumi, uliokuwa na makao yake Toledo. Jabali aliloshukia Tariq likaitwa Jabal Tariq, na matamshi yakalisugua mpaka likawa Gibraltar. Waislamu waliiita nchi hiyo Al-Andalus. Katika vizazi vilivyofuata, wenyeji wengi walisilimu, hata ikawa sehemu kubwa ya Waislamu wa Al-Andalus ni watu ambao mababu zao walikuwa pale pale tangu zama za Warumi. Kuwaita wote Waarabu ni sawa na kumwita kila Mwislamu wa pwani yetu Mwarabu.

Wala miaka 800 hiyo haikuwa ya nchi nzima. Al-Andalus ilipungua kama kipande cha sabuni kinavyoisha kwa kufuliwa. Mwaka 929 mtawala wa Córdoba alijitangaza khalifa, na mji wake ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Ulaya. Mwaka 1031 ukhalifa ulivunjika, vikabaki vijifalme vingi vilivyogombana. Toledo ilichukuliwa na Wakristo mwaka 1085, Córdoba 1236, Valencia 1238, Sevilla 1248. Baada ya hapo ilibaki Granada peke yake, ikilipa kodi kwa Kastilia ili iachwe, hadi tarehe 2 Januari 1492. Toledo basi ilikuwa chini ya Waislamu kwa muda usiofika miaka 400, Granada karibu 800, na milima ya Asturias kule kaskazini haikushikwa ikatulia hata kidogo. Msafiri anayetafuta mabaki ya Uislamu na kuteremkia Oviedo, mji wa huko Asturias, atakuwa amepotea njia. Vita hivyo, ambavyo vitabu vya zamani viliviita kuirudisha nchi mikononi mwa Wakristo, navyo havikuwa mstari mmoja wa msalaba dhidi ya mwezi: El Cid, shujaa anayetukuzwa kuliko wote katika hadithi za Kastilia, kwa miaka kadhaa alikuwa mpiganaji wa mfalme Mwislamu wa Zaragoza. Hata Madrid, makao makuu tangu 1561, ilianza kama ngome iliyojengwa na amiri wa Córdoba katika karne ya 9, nayo ikaitwa Majrit.

Mahali pa kuyaona haya kwa macho ni pawili. Pa kwanza ni msikiti mkuu wa Córdoba, ulioanza kujengwa miaka ya 780, wenye nguzo zaidi ya 800 zilizobeba matao ya rangi nyekundu na nyeupe, tao juu ya tao, hata mtu akisimama katikati hajui msitu huo unaishia wapi. Katikati yake, katika karne ya 16, lilipachikwa kanisa kuu lenye kuba refu na dari jeupe, na hadi leo jengo lote ni kanisa. Ukitembea hatua ishirini hivi unatoka kwenye giza la matao na kuingia kwenye mwanga wa kanisa, kisha unarudi tena gizani, na hakuna kitabu kitakachokueleza karne zile vizuri kuliko hatua hizo.

Pa pili ni Alhambra ya Granada, jina litokanalo na neno la Kiarabu lenye maana ya nyekundu. Kuta za majumba yake zimechongwa maandishi kutoka usawa wa bega hadi karibu na dari, na anayejua kusoma Kiarabu, hata yule aliyeishia chuoni utotoni, ataanza kuitambua sentensi moja inayojirudia tena na tena: wa la ghaliba illa Allah, hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ilikuwa kaulimbiu ya wafalme wa Granada, na neno ghalib lililomo ndani yake lina mzizi mmoja na neno letu aghalabu. Waliiandika kaulimbiu ya ushindi ukutani huku wakiendelea kushindwa nje. Kwenye ukingo wa birika linalobebwa na simba kumi na wawili kumechongwa shairi la Ibn Zamrak, mshairi wa ikulu wa karne ya 14, linalosifu maji yanayopita mle ndani. Na hapo hapo, ubavuni mwa majumba hayo laini, mfalme Carlos wa Tano alijengesha kasri lake la mawe mazito lenye ua wa duara, kana kwamba mtu ameegesha lori sebuleni. Tiketi za Alhambra huuzwa kwa jina la mgeni na hati yake ya kusafiria, na kuingia kwenye majumba ya ndani kuna saa yake maalumu; anayechelewa huishia bustanini.

Msemaji wa Kiswahili ana faida moja pale ambayo wageni wengi hawana. Kiswahili na Kihispania vyote viwili vilikopa kwa Kiarabu, kila kimoja kwenye pwani yake, na mikopo hiyo imebaki ikifanana. Wahispania walikopa neno pamoja na kiambishi chake al, nasi tukakiacha, ndiyo maana sukari yetu kwao ni azúcar, zafarani ni azafrán, kasri ni alcázar, na tunda la mzeituni ni aceituna. Kadhi wetu kwao amekuwa alcalde, ambaye ni meya. Diwani amegeuka aduana, yaani forodha. Taarifa imekuwa tarifa, orodha ya bei. Fulani ni fulano, na huyo hakubadilika tabia hata kidogo. Hata neno dogo hili hata, la kwetu, linatokana na Kiarabu kile kile kilichowapa wao hasta, lile la hasta mañana, yaani hadi kesho, ambalo kila mtu amelisikia. Mama wa Kihispania akisema ojalá kwa kutamani jambo, anatamka kwa sauti ya Kikristo maneno ya Kiarabu yenye maana ya laiti Mungu angependa.

Turudi kwenye mwaka 1492, kwa maana mambo matatu yalifuatana mwaka huo na yote matatu bado yanaonekana mezani na mitaani. Isabel wa Kastilia na Fernando wa Aragon, waliooana mwaka 1469, waliichukua Granada Januari. Mwishoni mwa Machi walitoa amri ya kuwafukuza Wayahudi wote wasiokubali kubatizwa. Agosti Christopher Columbus akatweka tanga kwa jina lao. Ieleweke kwamba ndoa ile haikuzaa nchi moja papo hapo: kila ufalme ulibaki na sheria zake, mabaraza yake na forodha zake, kama mke na mume wenye maduka mawili na daftari mbili. Granada nayo iliposalimu amri, Waislamu waliahidiwa kwa maandishi kwamba dini yao haitaguswa. Kabla ya miaka kumi kwisha walikuwa wakibatizwa kwa nguvu, na kati ya 1609 na 1614 wazao wao wapatao 300,000 walifukuzwa, wengi wakivukia Afrika Kaskazini.

Kutokana na hayo inaeleweka kwa nini paja la nguruwe lililokaushwa, jamón, linaning'inia katika kila baa. Utamu wake una sehemu katika hilo, na ukavu wa hewa ya milimani pia. Lakini kwa karne kadhaa mahakama ya kidini iliwinda walioshika Uislamu au dini ya Kiyahudi kwa siri, na kukataa nguruwe kulihesabiwa kuwa dalili ya hatia, hivyo kumla mbele ya majirani ilikuwa kinga. Mazoea yamebaki hata baada ya hofu kuondoka. Msafiri Mwislamu na ajue kwamba vipande vya jamón hutiwa hata kwenye dengu, njegere na vitumbua vya chumvi viitwavyo croquetas, na kwamba kusema hutaki nyama hakutoshi, kwa kuwa kwa wapishi wengi jamón si nyama, ni kiungo. Sema sin cerdo, sin jamón, yaani bila nguruwe, bila jamón. Katika mitaa kama Lavapiés, Madrid, chakula halali hakitafutwi kwa taabu, na Granada ina msikiti mpya uliofunguliwa mwaka 2003 ukitazamana na Alhambra.

Himaya ya Hispania iliyofuata kule Amerika, madini ya fedha ya Potosí katika Bolivia ya leo, na kuporomoka kwa himaya hiyo mwaka 1898 zilipokwenda Cuba, Puerto Rico na Ufilipino, ni hadithi ndefu ambayo msafiri ataikuta kwenye majengo ya Sevilla. Afadhali hapa tuharakishe hadi karne ya 20, ambayo bado inauma. Julai 1936 majenerali waliasi dhidi ya serikali ya jamhuri, uasi ukianzia kwenye majeshi yaliyokuwa Moroko, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaendelea hadi Aprili 1939. Franco alishinda na akatawala hadi kifo chake tarehe 20 Novemba 1975. Alitaka Hispania moja, lugha moja. Kikatalani, Kibaski na Kigalisia viliondolewa shuleni na maofisini, wazazi wakazuiwa kuwaandikisha watoto majina ya lugha hizo. Klabu ya mpira ya Bilbao, iliyokuwa imejiita Athletic kwa kuwaiga Waingereza, ililazimishwa kuwa Atlético mwaka 1941 na haikurudishiwa jina lake mpaka 1972.

Kwa hiyo mtazamaji wa mpira anajua zaidi kuhusu siasa za Hispania kuliko anavyodhani. Real iliyo mbele ya Madrid maana yake ni ya kifalme, heshima iliyotolewa na Mfalme Alfonso wa 13 mwaka 1920. Maneno yaliyoandikwa kwenye viti vya Barcelona, Més que un club, zaidi ya klabu, ni ya Kikatalani, na wakati wa Franco uwanja ulikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo lugha hiyo iliweza kupigwa kelele bila mtu kukamatwa. Athletic ya Bilbao hadi leo husajili Wabaski tu au waliokulia kisoka katika nchi ya Wabaski, na ni mchezaji wa klabu hiyo hiyo, Nico Williams, mtoto wa wazazi kutoka Ghana waliovuka Sahara na kuingia Melilla, mji wa Hispania ulio Afrika, aliyefunga bao la kwanza la Hispania katika fainali ya Ulaya ya 2024. Aliyempa pasi, Lamine Yamal, amezaliwa Katalonia kwa baba Mmoroko na mama wa Guinea ya Ikweta, nchi pekee huru ya Afrika ambayo Kihispania ni lugha yake kuu, kwa sababu ilikuwa koloni la Hispania hadi 1968.

Katiba ya mwaka 1978 ndiyo iliyojaribu kulitatua swali la nyumba moja yenye vyumba vingi. Iliirudisha demokrasia chini ya mfalme asiyetawala, ikagawa nchi katika majimbo yanayojitawala, ambayo leo ni 17, kila moja na bunge lake, shule zake na hospitali zake, pamoja na miji miwili ya Ceuta na Melilla iliyo kwenye ardhi ya Afrika, pwani ya Moroko. Anayetafuta mfano wa karibu atakumbuka Zanzibar ndani ya Muungano, na mfano huo unafaa nusu ya njia: una serikali ndani ya dola kubwa, lakini hauna ile hali ya kila kona ya nchi kuwa na serikali yake, wala tofauti ya mamlaka kati ya jimbo na jimbo, maana Nchi ya Wabaski na Navarra hujikusanyia kodi zenyewe na Katalonia haifanyi hivyo. Hilo la kodi ni sehemu kubwa ya ugomvi ulioifikisha Katalonia kwenye kura ya kujitenga ya tarehe 1 Oktoba 2017, iliyokuwa imezuiwa na Mahakama ya Katiba, ikafuatwa na viongozi kufungwa, kisha kusamehewa. Wakatalani wenyewe wamegawanyika kuhusu jambo hilo, mara nyingi ndani ya familia moja. Mgeni halazimiki kuwa na upande. Akisalimu kwa bon dia ya Kikatalani badala ya buenos días ya Kikastilia anapoingia dukani Barcelona, atakuwa amepiga hodi vizuri.

Kuna uvumi mwingine unaopendwa, kwamba Wahispania ni wavivu, wanalala mchana na kula chakula cha usiku karibu na usiku wa manane. Hapa Mswahili ndiye mtu anayefaa kabisa kuelewa kinachotokea. Neno siesta linatokana na Kilatini hora sexta, yaani saa sita. Warumi walihesabu saa kuanzia macheo, kama tunavyohesabu sisi, na saa sita ilikuwa wakati jua liko utosini, kila mwenye akili akitafuta kivuli. Siesta, basi, si kingine ila saa sita mchana.

Lililobaki ni saa ya ukutani. Hispania iko usawa mmoja na Uingereza kwenye ramani, na mstari wa Greenwich unapita mashariki mwake, lakini mwaka 1940 Franco alisogeza saa mbele zifuate za Ujerumani, na hazijarudishwa. Wakati wa kiangazi, saa zinaposogezwa tena kwa saa moja, jua hufika utosini Madrid saa ya ukutani ikionyesha saa nane na robo. Mtu anayekula chakula cha mchana saa nane kwa hiyo anakula saa sita ya jua, kama mkulima yeyote, na anayekula cha usiku saa tatu na nusu ndiyo kwanza anaona jua likizama. Wafanyakazi wengi wa mijini hawapati nafasi ya kulala mchana. Wanachofanya watu wa miji midogo ni kufunga maduka takriban kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, na mgeni asiyejua hilo hubaki akizunguka mitaa mitupu na njaa yake. Visiwa vya Kanari, vilivyo baharini karibu na pwani ya Afrika, viko nyuma kwa saa moja.

Flamenco ni ya Andalusia, na imebebwa zaidi ya wote na Warroma wa huko, watu wanaoitwa pia Magipsi. Mgalisia hucheza kwa zumari la mfuko, kwenye mvua. Paella ni ya Valencia, hupikwa kwa kuku, sungura na maharage, nayo ni chakula cha mchana. Mchezo wa ng'ombe umepigwa marufuku Visiwa vya Kanari tangu 1991, na Wahispania wengi hawajawahi kuutazama uwanjani. Jambo moja linastahili tahadhari zaidi, hasa kwa msafiri mweusi: Wiki Takatifu kabla ya Pasaka, mitaa ya Sevilla na miji mingine hujaa watu waliovaa kanzu na kofia ndefu zenye ncha zilizofunika uso, na mtu aliyeona picha za kundi la wabaguzi wa Marekani anaweza kutaka kukimbia. Ni vyama vya toba vya kanisa, na vazi hilo lilikuwapo karne nyingi kabla ya wale Wamarekani kulivaa. Weusi wenyewe si wageni wa jana pale: katika karne ya 16 Juan Latino, aliyeishi utumwani, alikuwa akifundisha Kilatini Granada, na Juan de Pareja, aliyeachwa huru na mchoraji Velázquez mwaka 1650, akawa mchoraji kwa haki yake.

Katika makaratasi, viza ni ya Schengen, yaani ya pamoja kwa nchi nyingi za Ulaya, nayo huruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Fomu nyingi zitakuuliza majina mawili ya ukoo, kwa sababu kila Mhispania hubeba la baba na la mama, na mwanamke habadilishi lake akiolewa. Picasso lilikuwa jina la ukoo wa mama yake mchoraji, la baba likiwa Ruiz.

Na kama ratiba inaruhusu siku moja tu ya ziada, iwe Alhamisi, na iwe Valencia. Adhuhuri, kengele ya kanisa kuu ikigonga mara kumi na mbili, wakulima wanane waliovaa mashati meusi mapana huketi kwenye viti vya mbao nje ya Mlango wa Mitume, mahali ulipokuwa msikiti mkuu wa mji. Ni mahakama ya maji. Kila mmoja amechaguliwa na wakulima wa mfereji wake, kama kamati za mifongo ya Uchagani zinavyochaguliwa, na huamua nani ameiba zamu ya maji, nani ameacha mfereji uvuje. Hakuna wakili, hakuna karatasi, na lugha ni Kivalencia. Jaume wa Kwanza, mfalme wa Aragon, alipouteka mji mwaka 1238 aliamuru maji yaendelee kugawanywa kama yalivyogawanywa zama za Waislamu, na mwaka 2009 UNESCO iliiandikisha mahakama hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Tarishi mwenye fimbo ya shaba huita mfereji mmoja baada ya mwingine, akiuliza kama yupo mshtakiwa. Cheo chake ni alguacil, neno litokanalo na al-wazir, yaani waziri. Wiki nyingi haitiki mtu, naye baada ya kuuita mfereji wa mwisho huufunga mkutano, na viti hurudishwa ndani kabla watalii hawajamaliza kuwasha kamera zao.